Bangi Chini ya Taa: Hesabu na Historia Kutoka Tukuyu

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Tukuyu kwa likizo. Kama ilivyo kawaida ya msimu huo, mvua ilianza adhuhuri na haikuonesha dalili ya kukatika. Tulikuwa tumekaa barazani, mimi na mpwa wangu aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado anatafuta kazi. Alinisogezea simu yake. Kulikuwa na picha za chumba kidogo kilichofunikwa kwa karatasi ya kung'aa, taa za rangi ya zambarau zimening'inizwa darini, na chini yake miche ya bangi imepangwa kwenye ndoo kama miche ya nyanya.

"Mjomba, samahani kwa kuuliza," alisema. "Mtu mwenye kipato cha chini angeweza kupanga taa kama hizi? Zingemgharimu kiasi gani?"

Mjomba wa kawaida angempokonya simu na kuanza mahubiri. Mimi ni mwalimu, na swali likishaulizwa huwa siwezi kuliacha lipite. Nilimkumbusha kwanza jambo analolijua: kulima bangi Tanzania ni kosa la jinai, iwe shambani au chumbani. Kijana mmoja aliyesoma naye sekondari anatumikia kifungo kwa miche iliyokutwa katikati ya migomba ya bibi yake. Kisha nikamwambia kwamba swali lake lina majibu mawili. La kwanza ni la hesabu, nalo ni fupi. La pili ni la kihistoria, nalo lilinikalisha barazani mpaka taa za mji zikawaka. Makala hii ni majibu hayo mawili, niliyoyapanga upya kwa ajili ya wasomaji wa ukurasa huu.

Hesabu ya umeme

Tuanze na hesabu. Taa ambayo wakulima wa ndani wa Ulaya na Marekani waliitegemea kwa miongo kadhaa ni ya sodiamu, ndugu wa zile taa za njano zilizokuwa zikimulika barabara za miji yetu. Taa ya wati 600 huangazia eneo la takriban mita moja ya mraba hivi. Ikiwaka saa 12 kwa siku, hutumia uniti 7.2 kila siku, sawa na uniti 216 kwa mwezi. Katika miezi ya mwanzo, ambapo wakulima hao huwasha taa kwa saa 18, matumizi hufika uniti 324.

Sasa weka takwimu hizo kwenye LUKU ya nyumba ya kawaida ya Rungwe. Familia ya kipato cha chini iliyo kwenye daraja la D1 hununua umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Taa moja, kwa mita moja ya mraba, ingetumia karibu mara tatu ya kiwango hicho na kuitoa familia nzima katika bei ya unafuu. Kwa bei ya daraja linalofuata, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, uniti 216 ni zaidi ya shilingi 63,000 kwa mwezi. Hapo hatujanunua taa yenyewe, choki yake, wala feni ya kutoa joto. Taa za LED za siku hizi hupunguza matumizi hayo kwa thuluthi moja au zaidi, lakini bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi. Maskini anayetaka kubana matumizi hujikuta amebanwa upande wa pili.

Nje ya dirisha, hata katika wingu la Tukuyu, kuna taa nyingine. Nchi yetu hupokea kutoka kwa jua nishati ya kati ya uniti 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea mahali na msimu. Hakuna LUKU ya jua. Mahindi, migomba, chai, viazi vya Isongole na maparachichi yote hukua kwa taa hiyo, bila mtu kupanda ngazi kubadilisha balbu.

Basi hesabu inatuachia swali gumu zaidi kuliko lile la mpwa wangu. Kama jua ni bure na taa ni ghali kiasi hiki, ilikuwaje binadamu akauingiza ndani mmea unaostawi shambani? Jibu lake halimo katika fizikia. Limo katika historia ya sheria.

Mmea uliokuja kwa bahari

Jina lenyewe linaeleza safari. "Bangi" ni neno la Bahari ya Hindi, lenye mizizi katika lugha za Bara Hindi na Uajemi, na lilifika pwani yetu kwa majahazi yaleyale yaliyoleta vitambaa na shanga. Kutoka pwani likaingia bara, na ndiyo maana Washona wa Zimbabwe husema "mbanje". Huko Ethiopia wataalamu wa mambo ya kale wamepata vichwa vya viko vya karne ya 14 vyenye mabaki ya mmea huu. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliwaona watu wakivuta bangi kwa viko vya maji na akaandika habari hizo. Kwa hiyo wanaodai kwamba bangi ililetwa nchini na muziki wa rege katika miaka ya 1970 wanaikosea historia kwa karne kadhaa.

Katika historia hiyo kuna mtu mmoja anayetuhusu sana sisi wa Rungwe, naye ni Hermann Wissmann. Mwaka 1881 kijana huyu wa Kijerumani, akiwa na Paul Pogge, alifika eneo la Kasai katika Kongo ya leo. Huko aliwakuta watu wa jamii ya Luba waliokuwa wamefanya mapinduzi ya aina yake. Chini ya mtawala wao Kalamba Mukenge walikuwa wameteketeza sanamu na hirizi za zamani, wakapunguza vita vya ndani, na kujiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Nchi yao waliiita Lubuku, urafiki. Walivuta bangi kwa pamoja, hadharani, na uvutaji huo ulikuwa alama ya udugu na ya kufunga mapatano. Tusiipambe picha hiyo. Wale waliokataa utaratibu mpya waliteswa, na Kalamba aliutumia udugu huo kujijengea mamlaka. Bado ni mfano wa jamii ya Kiafrika iliyojiamulia yenyewe mahali pa mmea huu katika siasa yake, kwa wema na kwa ubaya, kabla mkoloni hajamwamulia.

Wissmann alinufaika na urafiki wa Kalamba. Alipata wapagazi na ulinzi, akavuka bara zima na kutokea Saadani mwaka 1882. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo aliletwa na Serikali ya Ujerumani kuizima vita ya Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Kisha mwaka 1892 aliongoza msafara wa kupeleka meli ya vipandevipande hadi Ziwa Nyasa, na kutokana na msafara huo kikaanzishwa kituo cha Langenburg kwenye ufuko wa ziwa. Baadaye Wajerumani waliuhamishia utawala wao milimani, kwenye hewa ya baridi, wakaiita boma mpya Neu-Langenburg. Boma hiyo ndiyo Tukuyu. Mtu aliyewaona Bena Riamba kwa macho yake ana mkono katika chimbuko la utawala wa kikoloni wa mji wetu.

Simaanishi kwamba Wissmann aliileta bangi Rungwe au kwamba aliipiga marufuku. Ninachosema ni kwamba wakoloni hawakuwa wageni wa mmea huu. Waliukuta, wakauandika, na wakati fulani wakafaidika na udugu uliojengwa juu yake. Marufuku ilikuja baadaye, na ilitoka mahali pengine.

Marufuku ilizaliwa wapi

Ilianzia katika mashamba ya miwa ya Natal, Afrika Kusini. Mwaka 1870 sheria ya koloni hilo kuhusu vibarua wa Kihindi iliwakataza kuvuta bangi. Isome sheria ile kama mwanafunzi wa historia na utaona kwamba haikuwa sheria ya afya ya umma. Ilikuwa sheria ya kazi. Wasiwasi wa wenye mashamba ulikuwa kibarua asiyeamka asubuhi. Mwaka 1922 marufuku ilienezwa Afrika Kusini nzima, na mwaka 1923 serikali yake iliuandikia Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, ikiomba bangi iwekwe katika orodha ya dawa hatari za dunia.

Mwaka uliofuata wajumbe walikutana Geneva kujadili kasumba. Mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliibua hoja ya hashishi kwa nguvu sana, akieleza madhara yake nchini mwake. Mkataba ulitiwa saini Februari 1925 ukiwa na kifungu kinachohusu bangi. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Ushirika huohuo, ikitawaliwa na Uingereza. Hakuna mkulima wa Rungwe, Tarime au Arumeru aliyeulizwa maoni. Mlango wa sheria za kimataifa ulifungwa na watu walioyajua mashamba yetu kwa ramani tu.

Uhuru haukuufungua mlango huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, mwaka uleule tuliopandisha bendera yetu, uliiweka bangi katika daraja kali kabisa, pamoja na heroini. Sheria yetu ya mwaka 1995, na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake, ziliendeleza msimamo huo, na sasa tuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kila mwaka tunasoma habari za operesheni katika maeneo kama Kisimiri Juu kule Arumeru: ekari zimefyekwa, magunia yamechomwa, wakulima wamefikishwa mahakamani. Vichwa vya habari vya "jela miaka 30" vimekuwa vya kawaida mpaka havitushtui tena.

Jinsi taa ilivyoingia

Sasa tuko tayari kuielewa taa.

Katika miaka ya 1910 Mfaransa Julien Tournois alikuwa akichunguza kwa nini bangi na mmea jamaa yake, hopi, huchanua mapema vikipandwa majira ya baridi. Aligundua kwamba chanzo si baridi. Ni ufupi wa mchana. Aliuawa vitani mwaka 1914 kabla ya kuikamilisha kazi yake. Mwaka 1920 Wamarekani Garner na Allard, wakitumia tumbaku na soya, waliithibitisha kanuni hiyo kwa ukamilifu: mimea mingi hupima urefu wa usiku na kuamua lini ichanue.

Hapa jiografia yetu ina la kusema. Tukuyu ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, ni wa saa 12 na dakika 40 hivi. Ule mfupi, mwezi Juni, ni wa saa 11 na dakika 35 hivi. Tofauti ni ya saa moja tu. Amsterdam, mchana wa Juni hukaribia saa 17 na wa Desemba hauzidi saa 8. Mkulima wa kule akitaka kuvuna mara kadhaa kwa mwaka hana budi kulitengeneza jua lake mwenyewe. Wa kwetu, jua lina ratiba inayofanana karibu mwaka mzima.

Hata hivyo baridi na giza la kaskazini si sababu tosha. California ina jua la kutosha, na kwa muda mrefu bangi ya Marekani ilitoka mashambani, hasa Mexico. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashamba ya Mexico yalinyunyiziwa sumu ya parakwati kwa msaada wa Marekani. Mwaka 1983 California ilianza kampeni ya kusaka mashamba kwa helikopta. Mkulima aliyeonekana kutoka angani alikuwa na njia moja: kuingia ndani. Huko ndani alihitaji taa, na taa ya sodiamu, iliyobuniwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya barabara, ikampa jua la bandia. Oktoba 1989 polisi wa dawa za kulevya wa Marekani walivamia kwa siku moja maduka ya vifaa vya kilimo cha ndani katika majimbo mengi. Walikuwa wamekwishang'amua kwamba helikopta zao zenyewe ndizo zilizowapatia wenye maduka wateja.

Taa haikuubadilisha mwanga tu, iliubadilisha na mmea. Nafasi ya ndani ni ndogo na umeme ni ghali, kwa hiyo mkulima alichagua mbegu fupi, zinazochanua haraka na zenye ukali mkubwa. Vipimo vya bangi iliyokamatwa Marekani vinaonesha kiwango cha kilevi chake kikuu kikipanda kutoka asilimia 4 hivi mwaka 1995 hadi asilimia 12 hivi mwaka 2014. Mzee yeyote wa Tukuyu ataielewa mantiki hii bila shahada. Kimpumu hunywewa mchana kwenye kilabu, watu wamekaa, chungu kipo wazi. Hakuna anayesafirisha kimpumu usiku kwa kificho, maana ni kizito na thamani yake ni ndogo. Kinachofichwa ni gongo, ambayo chupa yake moja hubeba ulevi wa ndoo nzima. Biashara ikisukumwa gizani, kinachosalimika ni kile kilicho kikali na chepesi kubeba.

Gharama yake ya nishati ni ya kustaajabisha. Mtafiti Evan Mills alikadiria mwaka 2012 kwamba kilimo cha bangi cha ndani kilikuwa kikitumia takriban asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani, wenye thamani ya dola bilioni 6 hivi kwa mwaka. Nchi nzima iligharamia umeme wa kuiga kitu kinachomwagika bure juu ya paa la kila nyumba. Hiyo ndiyo bei ya helikopta, ililipwa kupitia mita ya umeme.

Kuvuka Songwe

Kama simulizi lingeishia hapo, lingekuwa la Wamarekani. Lakini dunia imegeuka, na imegeuka karibu kabisa na mlango wetu.

Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, mwaka ambao Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu matumizi ya faragha ya watu wazima. Februari 2020 Bunge la Malawi lilipitisha sheria ya bangi ya dawa na ya viwanda. Oktoba mwaka huo Baraza la Mawaziri la Rwanda liliridhia kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika lile daraja kali la mwaka 1961. Natal iliyoianza marufuku ni sehemu ya nchi ambayo leo imelegeza kamba; sisi tulioirithi bado tumeishika kwa mikono miwili.

Kutoka Tukuyu hadi mto Songwe ni mwendo wa asubuhi moja. Ng'ambo yake ni Malawi. Mmea uleule unaompeleka kijana wa upande huu gerezani ni zao lenye mamlaka yake ya udhibiti upande wa pili. Mwaka 2021 waziri wa kilimo wa Malawi alimwandikia bondia Mike Tyson akimwalika awe balozi wa zao hilo. Unaweza kucheka, nami nilicheka. Lakini baada ya kucheka, uliza: mkulima mdogo wa Karonga aliyekuwa akilima bangi kwa siri miaka yote, ana nafasi gani katika biashara hiyo mpya?

Nafasi yake ni finyu, na hapa taa inarudi kwa sura nyingine. Soko la dawa la Ulaya linataka mavuno yanayofanana gramu kwa gramu, yasiyo na ukungu wala mabaki ya sumu. Ili kuyapata, wawekezaji hujenga vitalu nyumba vyenye taa za nyongeza, uzio, kamera, walinzi na maabara. Juu ya hayo kuna ada za leseni zinazohesabiwa kwa maelfu ya dola. Mwenye mtaji huo si mkulima wa jembe. Taa, ambayo zamani ilikuwa chombo cha mtu anayeikimbia sheria, imekuwa sehemu ya sifa za anayekubaliwa na sheria. Mmea ukiwa juani kwa maskini ni ushahidi mahakamani. Ukiwa chini ya taa kwa tajiri mwenye leseni ni uwekezaji.

Somo la chai

Wanarungwe hatuna sababu ya kushangaa, maana tumeyaona haya katika chai. Zao hilo lilijaribiwa Amani na hapa kwetu Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati wa Wajerumani, na likawa la kibiashara mwaka 1926 chini ya Waingereza. Ardhi ilikuwa yetu, mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ilikuwa yetu, na mikono ya kuchuma ilikuwa yetu. Lakini mkulima mdogo hakupewa nafasi ya maana katika zao hilo hadi baada ya uhuru, katika miaka ya 1960. Kwa takriban miongo minne alikuwa kibarua kwenye zao lililoota kilimani kwake. Alipoingia, alikuta viwanda, bei na masoko vimekwisha kupangwa, na wakulima wa chai wa Rungwe wamepigania bei ya majani mabichi tangu hapo hadi leo.

Hatari ninayoiona ni hiyo. Siku Tanzania itakapobadili sheria, kama itabadili, itafanya hivyo kwa shinikizo la masoko ya nje, kwa haraka, na kwa kanuni zilizoandikwa kwa kipimo cha mwenye kitalu nyumba. Wale waliofungwa kwa ajili ya zao hilo hawatakuwa mezani. Wengine watakuwa bado gerezani.

Hoja za upande wa pili

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Siandiki kuitetea bangi. Nimefundisha vijana kwa zaidi ya miaka kumi, na nimewaona wawili wenye akili nyingi wakipotelea katika maradhi ya akili ambayo madaktari waliyahusisha na uvutaji wa mapema. Bangi kali ya ndani ina madhara makubwa zaidi kwa ubongo ambao bado unakua, na hoja hiyo wanaoitoa katika vyombo vya dola wako sahihi kuitoa. Wako sahihi pia wanaosema kwamba ekari ya bangi ni ekari iliyonyimwa mahindi, na kwamba magenge hufuata fedha.

Lakini hoja hizo zinahitaji sera iliyofikiriwa, na sera iliyofikiriwa haiwezi kuwa nakala ya woga wa wenye mashamba ya miwa wa mwaka 1870. Naona mambo matatu ambayo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wangeweza kuyaanza bila kusubiri mjadala mkubwa. La kwanza ni kutenganisha, katika mashtaka na katika adhabu, mwenye miche michache kati ya migomba na mfadhili wa magunia yanayovuka mpaka. La pili ni kuweka wazi takwimu za waliofungwa kwa kulima: umri wao, ukubwa wa shamba, na kama walipata wakili. La tatu ni kuamua sasa, kabla wawekezaji hawajabisha hodi, kwamba mabadiliko yoyote ya baadaye yatatenga sehemu kwa vyama vya wakulima wadogo, ili tusiirudie historia ya chai.

Taa ya nini

Mvua ilipokatika, mpwa wangu alinirudia. "Sasa mjomba, kwa hiyo taa hazina faida kwetu?"

Zina faida. Mashamba ya maua ya Kenya, Uganda na Arusha huwasha taa usiku juu ya miche ya krisanthemamu ili isichanue kabla ya wakati wake. Ni elimu ileile ya Tournois, na imeajiri watu kwa halali. Maabara za tishu huotesha chini ya taa miche safi ya migomba na viazi isiyo na magonjwa. Kwenye baridi yetu, balbu moja huokoa vifaranga mia. Chini ya milima yetu kuna jotoardhi, Ngozi na Kiejo-Mbaka, linalofanyiwa utafiti, na Naivasha wameonesha kwamba joto la namna hiyo linaweza kuhudumia vitalu nyumba. Kijana wa Rungwe anayejua urefu wa mchana unavyoiamuru mimea ana elimu yenye soko, ilimradi tumwelekeze mahali pa kuipeleka.

Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mjomba. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama ninaweza kumwandikia barua ya kujitolea katika maabara yoyote ya kilimo, hata bila posho. Niliiandika usiku uleule. Hadi ninapochapisha makala hii hajajibiwa, na yule mwenzake wa sekondari bado ana miaka mingi ya kifungo mbele yake.